Hakuambiwa Mpaka Aliposhuka

Mdogo wangu alipokufa Urusi, mtaa mzima ulijua isipokuwa nyumba yetu. Muuza samaki alijua. Fundi viatu wa kichochoroni alijua. Walijua hata watoto wa chuo cha Kurani, na watoto hawana siri, lakini hiyo waliiweka. Nikipita, watu waliozoea kuniita mkali na mwenye majivuno wananisalimu kwa sauti ya chini, wananipisha njia, wananiuliza mama anaendeleaje. Nami kwa ujinga wangu nikajiona nimekuwa mtu. Nilidhani ni kwa sababu ya filamu.

Filamu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Ilikuwa mwaka wa themanini na sita, nami nimeajiriwa katika chumba cha kusomea ambacho Warusi walikifungua ghorofani, katika nyumba moja kongwe ya Mji Mkongwe. Palikuwa na magazeti, na sataranji, na vitabu vyenye picha za matrekta, na kila Jumapili baada ya alasiri palioneshwa filamu bure. Mimi nilikuwa nimesoma kwao, nikarudi na cheti, kikohozi na Kirusi kilichonyooka. Ndoa yangu haikuchukua muda baada ya hapo. Mume wangu alisema hawezi kukaa na mwanamke anayemjibu kwa lugha mbili, nikamwambia basi aniache kwa moja, akaniacha. Nikarudi kwa mama. Kila Jumapili nashika kipaza sauti, Warusi wanasema ndani ya filamu, nami nasema juu yao kwa Kiswahili.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kituo cha angani kilichokufa. Warusi walikuwa na nyumba ya chuma huko juu inayoizunguka dunia, watu wakienda kukaa na kurudi kwa zamu. Ikatokea wakati hakina mtu ndani, kikazimika. Umeme ukakatika, redio ikanyamaza, waliopo chini wakiita hakiitiki. Kikabaki kuelea huko, na hakuna wa kukiamrisha kigeuke wala kisimame. Basi wakachaguliwa wanaume wawili, watu wazima waliokwisha kwenda huko kabla, wakaambiwa nendeni mkakifufue.

Nilipewa filamu hiyo mapema nijizoeze, kwa kuwa ilikuwa na maneno ya ufundi. Nikawa najizoeza nyumbani mbele ya mama. Mama alikuwa na maradhi ya moyo. Miguu ilimvimba, pumzi ikamkata akipanda ngazi, na daktari akasema asishuke chini, asibebe kitu, asishtuliwe. Kitanda chake tulikiweka karibu na dirisha apate hewa. Kilichomshikilia, yeye mwenyewe alikisema kila siku, ni kwamba mwanawe atakuja likizo mwaka ule. Mdogo wangu alikuwa akisomea mitambo ya meli katika mji wa bandari, kaskazini kwenye baridi kali, na alikuwa hajarudi tangu alipoondoka. Mama alishamnunulia kitambaa cha kanzu. Akikiweka magotini anasema, acha nimuone tu, halafu Mungu afanye atakalo.

Basi kila jioni, uji ukishanyweka, namsimulia kipande. Nikamwambia jinsi wale wawili walivyokifikia kituo. Kwa kawaida kituo chenyewe huongoza chombo kinachokuja, lakini kile kilikuwa maiti, hakiongozi mtu. Wakaenda kwa macho na kwa mkono, mmoja anatazama dirishani, mwingine anashika usukani, wanakisogelea taratibu huku kinajizungusha ovyo. Wakikosea kidogo wamekigonga, na wakikigonga wote wamekwisha. Neno la Kirusi la kule kushikana lilinisumbua, mwishowe nikasema chombo kimefunga gati. Mama akasema alhamdulillahi, akaniuliza ndani walikuta nini.

Walikuta kiza na baridi. Wakawasha tochi, kuta zote zimeota barafu kama ndani ya friji kuukuu. Mmoja akatema mate ukutani aone, yakaganda. Maji ya kunywa yalikuwa jiwe. Walivaa makoti na kofia za sufu, na moja ya kofia hizo ilifumwa na mke wa mmoja wao, hilo mama alilipenda sana. Lakini alilopenda zaidi ni mkate. Juu ya meza, katika kiza kile, palikuwa na mkate mkavu na chumvi, wameviacha waliotangulia kwa ajili ya wageni watakaokuja, maana kwao ndivyo mgeni anavyokaribishwa. Mama akasema, kumbe wana adabu, basi mwanangu yuko mahali pema.

Mambo ya kazi yenyewe alitaka niyarudie. Feni zilikuwa hazifanyi kazi, na huko juu hewa haijiendei, kwa hiyo pumzi chafu anayotoa mtu inabaki papo hapo usoni pake. Akikaa kwenye kona moja akitengeneza, kichwa kinaanza kumgonga, mikono inalegea, anaweza akalala asiamke. Ikawa mmoja akifanya kazi mwenzake anamwangalia, na kumpungia hewa. Waya walizishika kwa vidole vitupu, kwa sababu glavu nene hazikamati waya, na vidole vikawafa ganzi. Wakazichagua betri zilizobaki na uhai, wakaziunga moja kwa moja kwenye yale mabawa makubwa yanayonasa jua, kisha wakakigeuza kituo chote kwa nguvu ya chombo chao ili mabawa yaelekee kwenye mwanga. Wakangoja. Hata taa ya kwanza ikawaka.

Hapo mama alikuwa akipiga makofi. Sisi umeme ukirudi mtaani tunapiga kelele hivyohivyo, na mwaka ule ulikuwa ukikatika sana. Nikamwambia asubiri, kazi ndiyo kwanza inaanza. Joto lilipoingia barafu ikayeyuka, na huko juu maji hayatiririki yakaenda zake, yanaelea na kugandamana na kila kitu, nyuma ya kila ubao, juu ya kila waya. Yakigusa umeme, kwisha kazi. Matambara yakawaishia, wakachana nguo zao wakafutia. Wakafuta kutwa kucha, watu wazima wale, na vyeti vyao na medali zao. Mama akacheka mpaka akakohoa, akasema basi nyumba yetu wakati wa masika na huko juu ni mamoja.

Barua za mdogo wangu zilikuwa zimekatika. Zamani haupiti mwezi bila moja. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa akitufuatilizia, akaja akasema posta ya huko ina matatizo, ndege zimepunguzwa. Mjomba alikuwa na duka la vifungo na nyuzi Mlandege, mtu mpole, mwenye kuchagua maneno. Babu zake walikuwa na mashamba ya karafuu, yeye alibaki na vifungo, na sijapata kumsikia akilalamika. Wakati ule akawa anakuja kila siku na machungwa, anakaa kwenye kiti cha mlangoni, hakai kitandani kwa mama kama zamani, na haangalii upande wa kitambaa cha kanzu. Niliyaona hayo. Niliyaona, nikasema mjomba anazeeka.

Jirani yetu wa chini, bibi wa makamo tuliyekuwa tukigombana naye kwa sababu ya maji ya ngazini, akaanza kutuletea chakula. Leo wali wa nazi, kesho mkate wa kumimina. Nikimrudishia sahani hataki nimshukuru. Na kazini yule bibi wa Kirusi aliyekuwa mkubwa wangu, mwenye miwani minene na hasira zake za asubuhi, akawa ananipa sukari na maziwa ya kopo nipeleke nyumbani, ananiambia nenda mapema ukakae na mama yako. Nilikuwa sijawahi kupendwa na watu wengi hivyo kwa pamoja. Haki ya Mungu, niliona raha.

Siku tatu kabla ya filamu kuoneshwa, mkubwa wangu akaniita, akafunga mlango. Akasema mkanda wa pili una kipande nikiruke, nikinyamazie tu, watu wasikisikie kwa Kiswahili. Nilikijua kipande hicho. Mzee mmoja aliyewahi kukaa kwenye kituo cha kabla ya hicho anahojiwa amekaa bustanini, anasimulia maisha ya huko juu, wanavyolala wamejifunga wasielee, wanavyokula kwenye mirija na makopo, wanavyoishi wawili tu miezi mizima hata mtu akamchukia mwenzake kwa anavyotafuna. Kisha anasema baba yake alikufa wakati yeye yuko huko juu, na hakuambiwa. Nikamuuliza yule bibi kwa nini niruke. Akasema kitawahuzunisha watu. Nikamwambia watu wa Unguja huzuni wanaijua, hawaogopi ya mzee wa Kirusi. Akanitazama, akavua miwani, akaifuta, akasema basi fanya utakavyo.

Mimi nikaona nimeelewa. Nikasema hawa hawataki tujue kwamba kwao nako watu wanafichwa mambo. Na mimi ukiniambia ruka, ndipo ninapokanyaga. Nikakitafsiri kipande kile vizuri kuliko vingine vyote, nikakipamba, nikakihifadhi kwa moyo.

Jumapili hiyo ukumbi ulijaa. Madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi ili picha ionekane, na joto lilikuwa la kumpika mtu. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine na mabuibui yao, watoto chini mbele. Mkanda wa kwanza ulikwenda vizuri sana. Maswali hayakungoja mwisho. Mzee mmoja akataka kujua mtu akiwa huko juu anaelekea wapi kusali, mwingine akamjibu kabla yangu kwamba anaelekea chini, kibla kipo chini. Mwingine akauliza, na maji ya udhu yakiwa yameganda, atatayammamu kwa vumbi gani? Wakabishana, na mimi nikawaacha wabishane huku wanaanga wanakaza waya. Taa ilipowaka kituoni ukumbi mzima ulipiga vigelegele.

Mkanda wa pili ukawekwa. Akatokea yule mzee bustanini. Nikakaa vizuri, nikakisogeza kipaza sauti.

Nikasema: "Siku moja baba yangu akafariki. Waliopo chini walijua, nchi nzima ilijua, na mwenzangu niliyekuwa naye mle ndani aliambiwa kwa siri. Mimi peke yangu nilikuwa sijui. Kila siku naongea nao redioni, nawauliza nyumbani hawajambo, wananijibu hawajambo. Sikuambiwa mpaka nilipoteremka."

Nilitarajia minong'ono, ubishi kidogo. Watazamaji wangu wale hawanyamazi. Ukumbi ukawa kimya, hata watoto. Kisha upande wa wanawake mtu akaanza kulia kwa kujizuia, na nikaisikia sauti ya jirani yetu wa chini, anamwambia mwenziwe, wala hakukusudia nisikie:

"Masikini ya Mungu, anajihadithia mwenyewe."

Sikuwa na haja ya kuuliza ni nani. Nilikuwa na watu wawili tu duniani wa kufichwa habari zao, na mmoja nilimwacha kitandani mchana ule akinywa uji. Lakini niliuliza. Nikasema, "Nani kafa?" na nilikuwa bado na kipaza sauti mkononi, kwa hiyo spika za ukumbi zikaniuliza mimi tena. Yule mzee kwenye filamu akaendelea kusema Kirusi chake peke yake. Wanaume wakainamisha vichwa, na mkubwa wangu akaizima mashine. Pale nikauelewa upole wa watu wote, mmoja mmoja, na sahani za wali, na sukari, na nikawachukia. Sitaki kusema uongo. Niliwachukia wote waliokuwamo mle.

Nikatoka hivyohivyo mpaka Mlandege. Mjomba alikuwa anampimia mtu lasi. Sikumwamkia. Maisha yangu yote sijapita mbele ya mjomba bila shikamoo, na alipoona sikumwamkia alijua. Akamwambia mteja arudi kesho, akafunga ubao mmoja wa mlango.

Akanieleza. Kijana aliugua homa ya mapafu, akalazwa, hakuinuka. Wenzake wa Kiislamu wanaosoma huko walimkosha na kumsalia, wakamzika huko. Habari ilikuja katika ofisi iliyompeleka masomoni, ofisi ikamwita mjomba. Yeye akawakusanya watu wa mtaani msikitini akawaomba kwa Mwenyezi Mungu wasitwambie. Hitima ya kumrehemu walikwenda kuisoma shamba, mbali, tusije tukasikia. Nikamuuliza na mimi kwa nini, mimi si mgonjwa. Akasema wewe uso wako hauna pazia, ungeingia ndani tu dada yangu angejua.

Na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana liliniuma zaidi. Kwetu mgonjwa hapewi habari ya msiba, na msafiri hapewi, hata afike nyumbani, akae, anywe maji. Nilikua nayo desturi hii, nami mwenyewe nimewahi kunyamaza mbele ya wengine nikaona ni huruma. Mjomba alikuwa na sababu yake. Mama yao, bibi yangu, aliambiwa habari ya kifo cha mwanawe mwingine akiwa mlangoni na kapu la sokoni bado liko mkononi, akaanguka palepale, wakawazika wawili siku moja. Mjomba alikuwepo. Aliona kapu linavyomwagika.

"Mwache mama yako apate nafuu," akaniambia. "Sasa unajua, basi beba na wewe. Ukimwambia, utakuwa umemuua wewe."

Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema, naam, lakini si kwa mkono wangu. Alikuwa analia bila sauti, mtu mzima yule, na chupa za vifungo zimepangwa mpaka juu ya kichwa chake. Nilitaka kumtukana. Nikaondoka.

Njiani nilijizoeza. Ndiyo, ile ile kazi yangu. Nikauzoeza uso, nikaizoeza sauti, nikajiambia nitaingia nimwambie watu walikuwa wengi, walipiga vigelegele, kisha nitakwenda jikoni nilie huko mbele ya jiko ambako moshi ni sababu. Nilipanda ngazi na jirani wa chini hakutoka.

Mama alikuwa amekaa, amejiegemeza kwenye mito, ananingoja. Akauliza ilikuwaje. Nikamsimulia. Mabishano ya kibla yakamchekesha. Nikafika kwenye mkanda wa pili na nilikuwa nimepanga kuuruka, lakini mama hakuwa mtu wa kurukiwa, akasema na ule wa pili? Nikamwambia yule mzee wa bustanini anaeleza maisha yao, kulala kwao, kula kwao. Akauliza tena, na mimi sijui kwa nini, nikamwambia na habari ya baba yake. Labda nilitaka aseme kwamba walifanya vizuri. Angesema hivyo, ningenyamaza mpaka leo.

Mama akafikiri. Akauliza yule mwenzake alijua? Nikamwambia alijua. Akauliza, na akawa anakula naye, analala naye chumba kimoja, anamtazama? Nikasema ndiyo. Akasema huyo ndiye wa kusikitikiwa. Kisha akasema:

"Na wewe mbona leo hunitazami?"

Nikamtazama. Mjomba alisema kweli, uso wangu hauna pazia. Nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia, "Mama, mdogo wangu katangulia mbele ya haki."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kuanguka, kwa kukatika pumzi, kwa yote aliyoyasema mjomba. Nilimshika nimzuie. Mama hakuanguka. Akasema inna lillahi, polepole, neno moja moja, akaniuliza lini. Nikamwambia ni zaidi ya miezi miwili. Hapo ndipo nilipomuona anabadilika. Aliitoa mikono yake kwangu, akawa anaangalia vidole vyake kama anavihesabu.

"Miezi miwili," akasema. "Mwanangu yuko kaburini miezi miwili, na mimi kila sala namuombea asipate baridi. Namuombea afaulu mtihani. Namuombea apate viatu vizuri. Maiti haombewi viatu. Alikuwa anataka nimuombee maghfira, kila mtu anasema dua ya mama haina kizuizi, na mimi dua zangu zote nampelekea soksi. Kakaa huko peke yake anangoja, anasema mama kanisahau."

Nikamwambia Mungu anajua nia. Nilisema na mengine, yale yanayosemwa. Hakuwa akinisikiliza. Kilio kilimtoka hapo, kikubwa, cha kusikika mpaka barabarani, na mtaa uliokuwa umejibana kwa wiki zote zile ukakiitikia. Nilisikia milango inafunguliwa, ngazi zinapandwa. Wanawake wakaingia wanalia, na walikuwa na machozi tele, maana walikuwa wameyaweka muda mrefu. Wa kwanza alikuwa jirani wa chini. Alinikumbatia na mimi nikaacha anikumbatie.

Mama akawanyamazisha. Akaomba maji atie udhu. Tukamshika huku na huku, akajikosha kwenye beseni, akasalia akiwa amekaa juu ya kitanda, sala ya maiti aliye mbali. Kisha akabaki na mikono juu. Nilimsikia akimtaja kwa jina lake na jina la mama, akiomba apanuliwe kaburi lake, asamehewe, apewe nuru, na kila akimaliza anaanza tena, haraka haraka, kama mtu aliyechelewa kazini. Wanawake wakaitikia amin mpaka sauti zikawakauka.

Mjomba alikuja magharibi imekwisha. Alikuwa ameambiwa njiani kwamba dada yake anajua na kwamba yu hai, na sijui lipi kati ya hayo mawili lilikuwa zito zaidi kwake. Watu wakampisha. Akapiga magoti kando ya kitanda, kitu ambacho kaka mkubwa hafanyi mbele ya mdogo wake, akamwambia nisamehe, niliogopa kukuzika.

Mama akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake. Hakuwa na ukali wowote.

"Mimi nshakusamehe, kaka yangu," akamwambia. "Lakini uliyemnyima si mimi. Uliyemnyima ni yeye. Kamtake radhi yeye."

Mjomba alibaki pale sakafuni na kofia yake mkononi. Baadaye kidogo ikaadhiniwa isha, na mama akaomba maji tena.